Mkato Mmoja Tu: Historia ya Faili Inayoamua Kama Wewe Upo

Andika anwani hii mahali: Bombolulu, Kisauni, Mombasa. Sasa hesabu mikato. Miwili, si ndio? Wewe na mimi tukiisoma hatuna shida. Tunajua hapo ni mahali pamoja tu, ni huku kwetu, barabara ya Malindi, ukishavuka daraja la Nyali ukaipita Kongowea. (Kuna watakaosema siku hizi ni Nyali sio Kisauni. Huo ugomvi wa mipaka tuuache, tutamaliza siku.)

Lakini kuna aina ya faili ambayo ikisomwa vibaya, hiyo mikato miwili inageuza mahali pamoja kuwa vitu vitatu. Cha kwanza Bombolulu. Cha pili Kisauni. Cha tatu Mombasa. Na kama kwenye orodha baada ya mtaa ilikuwa ifuate namba yako ya simu, basi namba imesukumwa nafasi mbili kando, na pale pa simu yako pameandikwa "Kisauni". Haya, jaribu kuitumia Kisauni pesa uone itafika wapi.

Hiyo faili inaitwa CSV, herufi tatu zenye maana ya thamani zilizotenganishwa kwa mikato. Umeshakutana nayo hata kama hukujua jina lake. Orodha ya kontakti unayotoa kwa simu ya zamani kupeleka kwa mpya, majina ya wanaotumiwa meseji ya mkutano, orodha ya kulipa vibarua mia mbili kwa mpigo, nyingi hupita kwenye CSV. Ni maandishi matupu, hayana rangi wala mistari. Kila mstari ni mtu mmoja. Kila mkato unasema: jambo hili limeisha, linaanza lingine.

Halafu kuna kidude kinachoisoma hiyo mistari na kuigeuza iwe vitu ambavyo programu inaweza kuvishika: mtu mwenye jina, mwenye mtaa, mwenye simu. Watu wa kodi huita laibrari. Sio ile ya vitabu. Ni furushi la kodi ambayo mtu ameshaiandika na kuijaribu, wewe unalichukua unalitumia badala ya kuanza upya.

Najua, inaboa. Lakini nipe dakika chache. Hoja yangu ni hii: historia ya hicho kidude ni historia ya nani ana uwezo wa kuamua kitu kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Na hilo swali sisi wa Pwani tumelijua kabla kompyuta haijazaliwa.

Ukwapi, utao na kadi yenye matundu

Kama umepita sekondari Kenya, ushairi umekupitia. Mshororo una vipande. Cha kwanza ukwapi, cha pili utao, kikiwepo cha tatu ni mwandamo, cha nne ukingo. Na katikati ya ukwapi na utao pana nini? Mkato. Sasa uangalie ubeti kwa jicho la mtu wa data. Mshororo ni mstari wa jedwali. Kipande ni uga. Mkato ni mpaka. Tumekuwa tukisoma data iliyotenganishwa kwa mikato tangu kidato cha kwanza, ni vile tu mwalimu hakutuambia.

Na kuna siri nyingine. Ule mkato wa kwenye kitabu ni wa kumsaidia msomaji. Mtu anayesikiliza shairi hana mkato wa kuangalia, anatumia mizani na vina. Shairi la mizani 8 na 8, ukihesabu silabi nane na ukasikia kina kimelia, unajua kipande kimefika mwisho. Mpaka umefichwa ndani ya urefu wenyewe.

Chukua Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi takriban 1776 hadi 1840, zama za vita vya maneno na vya bunduki baina ya Wamazrui wa Mombasa na Seyyid Said. Mashairi yake hayakuchapishwa kitabu akiwa hai. Yalibaki vinywani mwa watu na kwenye hati za Kiarabu. Mwishoni mwa karne ya 19 mmisionari Mwingereza William Taylor, aliyekuwa akiishi Mombasa, aliyakusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa hapa hapa. Diwani yenyewe ikaja kutoka 1940 huko Johannesburg, mhariri akiwa William Hichens. Yaani karibu miaka mia baada ya mwenyewe kufariki.

Sasa jiulize. Katika safari yote hiyo, kutoka mdomoni hadi karatasi, kutoka herufi za Kiarabu hadi za Kirumi, ni nani aliyejua neno hili ni la ukwapi au la utao? Ni mtu aliyeijua lugha na mji. Anaitwa Sikujua, na ndiye aliyejua. Bila msomaji kama yeye unabaki na herufi nyingi zilizopangana, lakini shairi huna.

Kompyuta zilianza na njia ya mizani, sio ya mkato. Sensa ya Marekani ya 1890 ilihesabiwa kwa mashine za Herman Hollerith zilizosoma kadi zenye matundu. Baadaye, 1928, kampuni ya IBM ilileta kadi ya safu 80, na kwa miongo mingi dunia ya data ilikaa ndani ya hizo safu 80. Kila jambo lilipewa nafasi maalum: tuseme safu 20 za kwanza ni jina, kumi zinazofuata ni mji, na kuendelea. Mkato hauhitajiki kwa sababu urefu ndio mpaka.

Tatizo lake unaliona? Shairi likipungukiwa mizani, malenga hutafuta neno lingine. Mtu hawezi kutafuta jina lingine. Tuseme kuna binti anaitwa Mwanakombo Athman Mwinyihaji. Herufi zake pamoja na nafasi ni 28. Ukimpa safu 20, anatoka akiwa "Mwanakombo Athman Mw". Babu mzima amekatwa kwa sababu kuna aliyekaa mbali akaona safu 20 zinatosha binadamu yeyote.

Ndiyo maana mkato ulikuwa ukombozi. Mnamo 1972 Fortran ya IBM, mojawapo ya lugha za kodi za zamani, tayari iliweza kusoma thamani zilizotenganishwa kwa mikato tu, bila kujali kila moja ina urefu gani. Jina lako likiwa refu, liwe refu. Ukimaliza weka mkato. Kufikia 1983 lile jina la CSV lilikuwa limeshaanza kutumika kwenye kompyuta ndogo za mezani.

Uhuru mtamu. Lakini kila uhuru una gharama yake, na gharama ya huu ndiyo ile anwani yetu ya Bombolulu.

Lahaja, na kile kilichofanyika Mombasa 1928

Kwa miaka mingi CSV haikuwa na kanuni yoyote iliyoandikwa. Kila programu ilijitungia yake. Wengine waliweka mkato. Ujerumani na Ufaransa, ambako mkato unatumika kwenye namba za desimali, Excel ikawa inatenganisha kwa nuktamkato. Wengine wakatumia nafasi ndefu ya kibonyezo cha Tab. Swali la "je, mkato ukiwa ndani ya jina lenyewe?" kila mtu alilijibu kivyake.

Na maprograma wengi, hadi leo, hulijibu kwa uvivu. Wanaiambia kompyuta: kila ukiona mkato, kata. Mstari mmoja wa kodi, kazi imekwisha, twende zetu. Inafanya kazi vizuri sana mpaka siku atakapokuja mtu wa Bombolulu, Kisauni, Mombasa.

Waliolitazama jambo hili vizuri ni kina Kevin Altis, Dave Cole, Andrew McNamara, Skip Montanaro na Cliff Wells, waliopendekeza laibrari ya CSV kwa lugha ya Python. Iliingia rasmi 2003 na Python 2.3. Na walipotafuta jina la kuita hizi tabia tofauti za faili, hawakuziita makosa. Waliziita lahaja. Yaani unaiambia laibrari: faili hii inasema lahaja gani? Mpaka wake ni alama gani? Alama yake ya usemi ni ipi? Ikishajua lahaja, inasoma. Usipoitajia lahaja, inachukua ile ya chaguomsingi, na chaguomsingi yake ni lahaja ya Excel.

Mtu wa Mombasa akisikia hayo lazima acheke kidogo. Maana mwaka 1928 kikao cha kuamua lahaja ipi iwe Kiswahili sanifu kilifanyika wapi? Hapa hapa Mombasa. Na lahaja iliyochaguliwa? Kiunguja, ya Zanzibar. Kimvita, lugha ya Muyaka, lugha ya mji ule ule walimokaa wakapiga kikao, kikawekwa kando. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia huo usanifu katika Afrika Mashariki. Tangu hapo mtoto wa Mji wa Kale anayesema "nti" badala ya "nchi", "mato" badala ya "macho", "mtele" badala ya "mchele", shuleni anatiwa alama nyekundu. Hajakosea. Anasema lahaja ambayo sio ya chaguomsingi.

Simlaumu aliyetaka usanifu. Bila lugha moja ya vitabu, vitabu vya shule vingechapishwa vipi? Ninachosema ni kwamba chaguomsingi sio hali ya asili. Kuna siku ilichaguliwa, na kuna watu walioichagua. Na kila anayetumia lahaja nyingine ndiye hubeba mzigo wa kujieleza.

CSV nayo ilipata kikao chake, ila kilikuwa cha upole. Oktoba 2005 Yakov Shafranovich aliandika waraka unaojulikana kama RFC 4180, ukaeleza mazoea ambayo wengi walikuwa wakiyafuata tayari. Kanuni zake ni chache. Uga wenye mkato ndani yake, ufunge kwa alama za usemi. Uga wenye alama za usemi ndani yake, ufunge vile vile, na hiyo alama ya ndani iandike mara mbili. Hata mstari mpya unaweza kukaa ndani ya uga mmoja mradi umefungwa. Waraka wenyewe ni wa kuelimisha tu, haumlazimishi mtu.

Kwa kanuni hiyo, mstari wetu unakuwa hivi:

Asha,"Bombolulu, Kisauni, Mombasa",0700000000

Laibrari nzuri haikati ovyo. Inatembea herufi moja moja huku ikijiuliza swali moja: niko nje au ndani ya alama za usemi? Ikiwa nje, mkato ni mpaka. Ikiwa ndani, mkato ni sehemu ya maneno ya mtu, usiuguse. Ikimaliza inapata vitu vitatu, sio vitano. Halafu inaangalia mstari wa kwanza wa faili, wenye vichwa vya safu, na kumvika kila mmoja jina lake: jina ni Asha, mtaa ni Bombolulu, Kisauni, Mombasa, simu ni ile namba. Sasa Asha si mstari tena. Ni kitu kamili ambacho programu inaweza kukipigia simu, kukilipa, kukihesabu.

Ushahidi ni neno letu

Tuje Kenya. Ndani ya miaka michache nchi hii iligeuka kuwa nchi ya orodha. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa, na namba ya simu ikawa mfuko wa pesa. Mwanzoni mwa Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, mwanasheria na mwanablogu Ory Okolloh alitoa wazo hadharani: kuna anayeweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi? David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakaitikia. Ndani ya siku chache tovuti ilikuwa hewani, watu wakituma ripoti ya kilichotokea na mahali kilipotokea. Waliiita Ushahidi. Haukutafutwa Ulaya huo msamiati, ni neno letu la mahakamani na msikitini.

Baadaye kodi ya Ushahidi ilifunguliwa kwa wote, ikatumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010 na nchi nyingine nyingi. Na kati ya vitu iliyokuja kujifunza ni kupokea ripoti nyingi kwa pamoja kutoka faili ya CSV. Unapakia faili, unaionyesha safu ipi ni kichwa cha habari, ipi ni maelezo, ipi ni mahali.

Sasa fikiria ripoti ya kweli inavyoandikwa na mtu mwenye hofu. Haina nidhamu. Ina mikato, ina alama za usemi kwa sababu ananukuu alichosikia, imevunjwa mistari kwa sababu ameandika kwa simu. Msomaji mvivu akiikata kila penye mkato, mahali panakuwa maneno, maneno yanakuwa tarehe, na ripoti inaanguka kwenye ramani pasipo pake au haianguki popote. Mtu ametoa ushahidi, lakini ushahidi haupo. Hapo ndipo kidude cha kuboa kinaacha kuboa.

Wakati huo huo, 2008, wanachuo wa Chuo Kikuu cha Washington wakiongozwa na Gaetano Borriello walianza Open Data Kit, programu ya kukusanya taarifa kwa simu. Mojawapo ya sehemu za mwanzo ilikotumika ni Kenya, kwa mradi wa afya wa AMPATH wa Eldoret, wahudumu wakipita nyumba kwa nyumba. Taarifa zikishakusanywa, hutolewa kwa sura ile ile: CSV. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa, intaneti ya kasi ikaingia Kenya kupitia fukwe zetu. Na tarehe 8 Julai 2011 Rais Kibaki akazindua tovuti ya data huria ya serikali, sensa ya 2009 ikiwemo, tayari kupakuliwa. Kwa CSV pia.

Kwa hiyo mtu wa Pwani aliyezaliwa miaka hiyo, yaani wewe unayesoma hapa, umekulia ndani ya orodha. Basari, vibarua, chanjo, meseji za chama, malipo ya vijana wa Kazi Mtaani mwaka 2020, yote ni majina na namba kwenye mistari. Na maisha yako yanapita kwenye tundu la msomaji ambaye hukumchagua.

Sufuri, ritifaa na mambo mengine yanayotumaliza

Kusoma mpaka vizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua kila uga ni kitu cha aina gani. 0700000000 ni nini? Kwa kompyuta inayojifanya mjuaji, hiyo ni namba ya hesabu, na kwenye hesabu sufuri ya mbele haina kazi. Inaitupa. Unabaki na 700000000. Ukiandika kwa mtindo wa 254700000000, Excel inaona ni namba kubwa mno, inaionyesha kama 2.547E+11. Ukiihifadhi tena kuwa CSV ikiwa katika sura hiyo, tarakimu nyingine zimekwenda na haziji tena. Simu sio hesabu, jamani. Hakuna anayejumlisha simu mbili. Simu ni jina lililoandikwa kwa tarakimu.

Halafu kuna ritifaa, ile alama ya kwenye ng'. Kwa sisi ritifaa sio pambo: ng'ombe na ngombe sio kitu kimoja, na Ng'ang'a sio Nganga. Lakini faili ambayo lahaja yake inatumia alama hiyo hiyo kama alama ya usemi inaweza kudhani jina limefunguka katikati. Na ukiandika kwa simu, kibodi mara nyingi huweka ile ritifaa iliyopinda. Faili ikihifadhiwa kwa usimbaji mmoja ikafunguliwa kwa mwingine, inatoka "Ngâ€™angâ€™a". Umeshaona hiyo kwenye risiti au barua pepe, usiniambie hujaiona. Sio virusi. Ni msomaji aliyeingia na lahaja isiyo yake.

Tarehe nazo: 3/4 kwetu ni tatu Aprili, Marekani ni nne Machi. Faili haisemi ni ipi. Msomaji ndiye anaamua.

Kabla hujadhani haya ni matatizo ya nchi maskini, sikia. Septemba na Oktoba 2020, Uingereza ilipoteza kwenye hesabu watu 15,841 waliopatikana na korona. Maabara zilituma matokeo kwa CSV, na shirika la afya la England likawa linayamimina kwenye mfumo wa zamani wa Excel ambao jedwali lake huishia mstari wa 65,536. Iliyozidi ikamwagika kimya kimya, hakuna kengele iliyolia. Waliokuwa wamekaa karibu na hao wagonjwa hawakutafutwa kwa wakati.

Na mwaka huo huo, 2020, kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba imebadilisha baadhi ya majina kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza tarehe. Jeni MARCH1 ikawa MARCHF1. SEPT1 ikawa SEPTIN1. Tafakari hilo. Wanasayansi wa dunia nzima waliona ni rahisi kubadilisha majina ya jeni kuliko kusubiri chaguomsingi libadilike. Miaka mitatu baadaye, 2023, Microsoft ndio ikaleta njia ya kuzima huo ugeuzaji.

Jeni hazina shida kubadilishwa jina. Haziendi kuchukua kitambulisho. Lakini nyanya yako wa Mtopanga hawezi kuambiwa abadilishe jina ili faili ipite.

Kwa hiyo?

Kuna watakaoniambia CSV ni ya kizamani, itupwe, kuna miundo bora. Ipo, ni kweli. Lakini CSV haifi, kwa sababu ile ile iliyofanya shairi lidumu: haihitaji kifaa maalum. Mtu yeyote mwenye simu ya elfu sita anaweza kuifungua akaiona kwa macho yake. Mimi siitaki ife. Ninachotaka ni wasomaji wanaotujua.

Kama wewe ni wa kodi, mambo ni haya. Usikate kila penye mkato, chukua laibrari iliyojaribiwa. Itajie lahaja, usimwachie chaguomsingi akuamulie. Soma kila uga kama maandishi kwanza, kisha ugeuze kuwa namba kile tu ambacho utakifanyia hesabu kweli. Mstari ukikataa kusomeka, piga kelele, usiuruke kimya kimya, maana huo mstari ni mtu. Na unapojaribu programu yako usijaribu na majina mepesi ya vitabuni peke yake. Jaribu na Ng'ang'a. Jaribu na Mwanakombo mwenye babu mrefu. Jaribu na Bombolulu, Kisauni, Mombasa. Likipita hilo limepita mengi.

Laibrari nyingi za kazi hii kodi yake ni wazi. Maana yake ukiona imekosea jina la kwenu, huna haja ya kulalamika tu. Unaweza kuandika jaribio lenye jina hilo ukalipeleka, na likikubaliwa, kila atakayetumia laibrari hiyo, awe Nairobi au Berlin, atakuwa amebeba jina la kwetu bila kujua. Vijana wanaokutana Swahilipot pale Mji wa Kale, hii ni kazi ya wikendi moja. Bombolulu hii tangu 1969 ina karakana ambako watu wenye ulemavu hutengeneza mapambo yanayouzwa mpaka ng'ambo. Kutengeneza kitu hapa kikatumika mbali sio habari mpya kwetu.

Na kama wewe sio wa kodi, jua hili: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kujua taarifa gani zako zinashikiliwa, na haki ya kutaka zirekebishwe zikiwa si sahihi. Ukiambiwa "jina lako halipo kwenye sistimu", usigeuke ukaenda nyumbani kichwa chini. Uliza kwa heshima lakini uliza: mkubwa, faili ilisomwa vipi? Sufuri yangu iko wapi? Ritifaa yangu iko wapi? Mara nyingi jina lipo. Limekatwa tu mahali ambapo halikuisha.